Mgeni wa Meli kwenye Kaburi la Mama

Cozumel, 2 Novemba

Mdogo wangu Nicanor,

Huku hatujambo, ila mkate wa wafu, ule wa sikukuu ya leo, nimeuunguza tena.

Leo meli ilitia nanga asubuhi. Abiria wengine walikimbilia ufukweni, lakini bibi mmoja, Marit, alikuja moja kwa moja kibandani petu kumuulizia mama. Kila mwaka meli ikimshusha hapa kwa siku moja, alikuwa akila tamale za mama, zile za unga wa mahindi. Nikamwambia mama alitutoka mwezi Machi, na kwa kuwa leo ni siku ya wafu, nakwenda kumwoshea kaburi na kumwekea maua.

"Basi twende. Ndoo nitabeba mimi."

"Utachafua gauni, bibi."

"Litafuliwa. Wewe chukua brashi."

Laiti ungemwona. Alipiga magoti akasugua jiwe mpaka jina la mama likang'aa, wala hakuinuka mpaka honi ya meli ilipomwita. Hata waliokuwa wakiosha makaburi ya jirani waliacha kazi zao wakamtazama.

Akiondoka aliniuliza mama aliacha watoto wangapi. Nikamjibu wawili.

"Na maua ya yule wa pili ni yapi?"

Nikamwonyesha nusu ya yangu, nikasema ndiyo yako.

Dada yako,
Eulalia