Nukta ya Jikoni Kwangu

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa umekaa, na kama umesimama, kaa. U hali gani? Unakula? Usiniambie unakula, picha uliyotuma inaonyesha shingo kama ya kuku aliyenyeshewa. Mimi sijambo, ila goti la kushoto, nalo nimelizoea kama nilivyomzoea marehemu babu yako: linalalamika, mimi naendelea na kazi.

Anayeniandikia ni fundi cherehani, jirani yetu, yule aliyekushonea mifuko arobaini ya kamba ya kuwekea popo. Anakusalimu. Anauliza kama kwenye hicho kitabu chenu cha ramani za popo kutakuwa na neno lolote kuhusu mifuko. Nimemwambia aandike ninayosema mimi, ya kwake atayatuma kwa karatasi yake.

Barua yako alinisomea mara tatu. Ya tatu ilikuwa ya kunifurahisha tu, maana nilikuwa nimeshaishika kichwani. Kumbe mmeshapita vijiji mia mbili, na kila popo mnampima mkono, mnampima uzito, mnaandika mlimkuta wapi, kisha mnamwachia aende zake. Na wewe ndiye uliyeshika usukani. Barua hiyo nimeifunga kwenye upindo wa nguo, naenda nayo sokoni, naenda nayo msibani, na anayeniuliza habari za nyumbani anajuta.

Watu wa mtaa huu husahau upesi, lakini mimi siwaachi wasahau. Ulipokuja mara ya kwanza na ngazi yako na tochi, hakuna aliyetaka kukufungulia dari. Walisema msichana anayetafuta popo ana lake jambo. Mimi nikatangulia, nikabisha hodi nyumba moja moja, nikawaambia huyu ni wangu, nimemwogesha mwenyewe kwenye beseni, kama ni mchawi basi muanze na mimi. Wakafungua. Mke wa mwokaji mikate alikushikia ngazi mpaka mwisho. Ukashuka na utando wa buibui kichwani na kinyesi cha popo kiganjani, unacheka kama aliyeokota dhahabu. Nikasema moyoni: huyu ni mimi, ila amepelekwa shule.

Dari ya mke wa mwokaji ikapata nukta kwenye ramani yako, kwa popo adimu. Kwangu ulitafuta siku nne, darini, stoo, mpaka kwenye tundu la moshi, usikute kitu, ukachora duara tupu. Ulinieleza kwamba duara tupu nalo ni habari, linasema hapa tulitafuta vizuri na hatukukuta. Nikaitikia. Lakini mke wa mwokaji kila asubuhi alikuwa akipita na kapu lake, akiniuliza dari yangu inaendeleaje.

Sasa unasema yule popo wa rangi ya kutu, mwenye pua iliyokunjamana kama jani, niliyekukabidhi ndani ya kopo la chumvi, amewainua wakubwa wako vitini. Unasema hajawahi kuonekana upande huu wa milima. Mwezi ujao utasimama mbele yao uwaeleze kwamba amevuka, na kikosi chako kitaacha bonde ambalo hamjalipita bado, kije kipige kambi kwangu wiki tatu. Fundi aliyasoma hayo kwa sauti ya hotuba.

Sikiliza, mwanangu, na wewe fundi andika, usinitazame. Yule popo si wa jikoni kwangu. Sikumkuta nyuma ya mlango kama nilivyokuambia. Nilimkuta amekufa kwenye ghala la dada yangu, huko ng'ambo ya milima, nilipokwenda kumwuguza. Nikamfunika chumvi, nikasafiri naye siku mbili mkobani. Uliponiuliza nimemtoa wapi, nikasema kwangu. Nilidhani popo ni popo, alimradi umempata. Hapana, niseme yote: nilitaka nukta. Nilitaka mahali bibi yako anapoishi pasiwe patupu. Ukanikumbatia, ukaandika jina langu kwenye kikaratasi cha aliyemkuta, ukamfunga nacho mguuni, nami nikakuachia uende naye.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ungenisamehe kabla sijamaliza, na msamaha haufuti nukta. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba jambo lisiloandikwa mahali na siku halifai kitu. Basi limeandikwa. Wape wakubwa wako wasome. Ukisimama mbele yao usisimame juu ya uongo wangu. Sikukulea nije nikuangushe mimi.

Dada yangu nimempigia jana. Alinicheka mpaka akakohoa, kisha akavaa miwani akaingia ghalani kuhesabu. Anasema wanaoning'inia juu ya magunia wanapita sitini, wote rangi ile ile. Hajamgusa hata mmoja, maana nimemwambia mwenye kuwagusa ni wewe. Nendeni kule, na jina kwenye kikaratasi liwe lake. Najua atanisumbua nalo mpaka kaburini, kama alivyonisumbua miaka sitini kwa meno yake mazuri. Na liwe lake.

Fundi ameweka kalamu chini. Anauliza wateja wote aliowatangazia popo wa jikoni kwangu atawaambia nini. Nimemjibu nitakwenda mwenyewe, nyumba moja moja, kama nilivyokwenda na wewe. Nitaanza kwa mke wa mwokaji.

Nami nirudishie duara langu tupu. Lichore kwa wino mzito, lisifutike. Ulitafuta kwa bibi yako siku nne, hukukuta, ukaandika hukukuta, ingawa uliona nimenuna. Kitabu kikitoka nitawaonyesha watu kwa kidole: hapo ndipo mjukuu wangu alipokataa kuandika asichokiona.

Wasalimie wenzako wote, hasa anayekushikia ngazi. Na ule.

Ni mimi bibi yako. Dole gumba hapa chini ni langu, nimelibonyeza mezani kwa fundi, Jumanne asubuhi. Safari hii mahali ni pa kweli.