Aliyevunja Vidole vya Baba

Marangu,
Jumanne baada ya mazishi

Kaka yangu Wenseslaus,

Shikamoo kaka. Habari za Kilombero, na hiyo miwa inakupa nafasi ya kupumua? Wifi hajambo? Watoto je? Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia umevimba na nitakueleza kwa nini. Mama yupo. Sisemi ni mzima, nasema yupo. Namba yako haipatikani kila nikipiga, ndiyo maana nimemwomba Hosea wa lori akufikishie barua hii mkononi.

Baba tumemzika Jumamosi, hapa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, karibu na ile mibuni ya juu. Najua taarifa ulipata, na najua kwa nini hukuja. Alishasema mbele ya ukoo kwamba siku akifa, wewe usitupe udongo kwenye kaburi lake.

Watu walijaa, kaka, mpaka migomba ikalala. Wapiga gitaa walipanda kutoka Pasua, Shirimatunda, hata Arusha, kila mmoja na gitaa lake la gogo mgongoni. Kijana mmoja anaitwa Given alishika kipaza sauti akasema Mungu ndiye aliyemfunulia Mzee Basili kuchukua gogo la kuchachushia pombe ya mbege, kulifunga nyaya za breki za baiskeli, kulilaza mapajani, na kutelezesha kipande cha bomba juu ya nyaya badala ya kuzibana kwa vidole. Alisema bendi zote za mlimani sasa zinapiga hivyo. Kisha wakapiga. Jamani! Yule mzee nilimchukia, unajua, lakini walipopiga nililia mpaka kamasi. Mikono iliyotutandika ndiyo hiyo hiyo iliyovumbua sauti ile, sasa mimi nifanyeje?

Hapo baba mdogo Martin akainuka, pombe imeshamkolea. Akauliza ufunuo gani, wakati Marangu nzima inajua kaka yake alilaza gitaa kwa sababu mwanawe wa pekee wa kiume alimvunja vidole vya kushoto. Akasema mtoto aliyemlemaza baba yake hana udongo wala kihamba, na kuanzia siku hiyo kihamba hiki ni cha kwake. Wazee wakanyamaza, na unajua kunyamaza kwao ni kukubali.

Mama alikuwa mkekani. Aliinuka, akaenda moja kwa moja akamnyang'anya Martin kipaza sauti. Martin akamzaba kofi. Mama hakukiachia. Alisema maneno nitakayokuandikia hapa chini, na hakuwa amemaliza vizuri Martin akamtandika fimbo ya mdomo. Meno yake mawili yakaanguka kwenye udongo wa kaburi.

Kaka, sikufikiri. Nilikuwa kwenye jiko la nje, hatua chache tu, nasonga ugali wa waombolezaji. Nilikwenda na ule mwiko mkubwa unaofuka mvuke, nikampiga nao Martin shavuni, nikarudia, akaanguka, na ugali wa moto ukamganda usoni akalia kama nguruwe anayechinjwa. Wanawe wakanirukia, wakaupinda mkono huu uliovimba. Vijana wa magogo wakawarukia wanawe. Mtu akachomoa panga la kukatia majani ya ng'ombe, Given akapasuliwa bega. Wawili wakatumbukia kaburini wakaendelea kukabana juu ya jeneza, padri kapandisha kanzu anakimbilia barabarani. Gogo la kwanza la baba, lile lenyewe, walilipasua kwa shoka. Tulimfukia mzee polisi wakiwa wamesimama.

Sasa maneno ya mama. Unaikumbuka ile Jumapili baba alipotoka kilabuni, akakuta mtori umepoa, akaanza kumchapa mama kwa waya wa gitaa. Uliingia kati na mpini wa jembe. Baba akakunyang'anya, akakupiga nao kichwani, ukazimia. Ulipozinduka hospitali uliambiwa umemvunja baba vidole, ukaamini. Mimi nilikuwa mafundisho ya kipaimara, na mimi nikaamini.

Siyo wewe, kaka. Hukumvunja hata ukucha. Ulipolala chini, baba alishika lile gogo la mbege kwa mkono wa kushoto asianguke, akawa anakukanyaga kichwa. Mama alimwomba, hakusikia. Akachukua jiwe la kusagia ulezi, akauponda mkono ule juu ya gogo, akauponda mpaka baba akaacha kukukanyaga.

Baba aliona aibu watu wajue amepigwa na mke, akakutwisha wewe. Alimwekea mama panga shingoni akamwambia neno likitoka atakuchinja wewe kwanza, hapo hapo kitandani ulipolazwa. Ndivyo mama alivyofunga mdomo, na wewe ukaondoka na laana isiyo yako. Nina hasira, kaka. Nina hasira na maiti.

Na ulipomtuma mjomba na jani la isale kuomba msamaha, baba akalikataa, tulishangaa wote. Mchagga gani anakataa isale? Tukasema basi kosa lako limezidi. Kumbe mzee aliogopa! Alimwambia mama chumbani kwamba kupokea isale la mtu asiye na kosa ni kujilaani mwenyewe.

Wazee sasa wameshika vichwa. Wamemwambia Martin asiguse hata mkungu mmoja mpaka uje usimame mwenyewe kihambani kwako. Kwa hiyo omba ruhusa, kama hawatoi acha kazi yao, uje.

Kuna jambo moja bado. Jana mama alijikongoja hadi mpakani akakata jani la isale. Nilitaka nilikunje nilitie humu ndani ya bahasha, akaninyang'anya. Kwa ule mdomo uliovimba alisema isale la mama kwa mtoto wake halipakiwi kwenye lori. Atakupa mwenyewe, mkononi, na kama ni kulikataa, umkatalie usoni.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda.

Ni mimi mdogo wako,
Hilda