Duara la Milango Miwili

Jumatatu, 3 Juni

Leo tena shemeji Deus kaniwekea kiti cha plastiki nje ya karakana. Nikae, nipokee wateja, nipige soga. Sikai. Tangu msumeno uninyang'anye vidole vitatu vya mkono wa kulia, ananiona mgonjwa. Karakana ni yetu sote wawili. Naandika haya kwa kushoto, mwandiko kama kuku kapita, na bado naandika.

Nimeingia ndani, nimefungua kompyuta ya binti yangu Koku. Milango ya kanisa la kigango cha Igurwa nachora mimi. Milango miwili ya mninga, duara moja la matawi ya kahawa, nusu huku nusu kule. Ikifungwa, duara linakamilika. Deus anasema likikosea unywele tu, kigango kizima kitaona. Ndiyo maana nalitaka.

Jumanne, 4 Juni

Siku nzima kubofya. Nilikuwa navuta tawi kwa jicho, nasema hapo sawa, nikikuza picha limepinda. Jicho la fundi wa miaka yote hii! Nimeacha ubishi. Nachagua tawi, nachagua mstari wa kati, nabonyeza kulinganisha, linaruka lenyewe na kukaa. Nusu ya pili nimeigeuza kutoka ya kwanza, kama kwenye kioo. Zimegusana. Nimecheka peke yangu. Mke wangu kachungulia, kaondoka.

Alhamisi, 6 Juni

Steshenari, hapa Rubwera. Nimeprinti nusu ya kushoto kwa ukubwa wake halisi, karatasi za kawaida, nikazigundisha pembeni kwa pembeni. Umeme ukakatika kabla ya nusu ya kulia. Nikarudi na nilichonacho. Deus kabandika mlangoni, kaanza kuchonga. Patasi anashika yeye. Inaniuma, nisijidanganye.

Jumatatu, 10 Juni

Balaa. Mlango wa kushoto umekwisha. Nimeprinti nusu ya kulia, nimeibandika, tukasimamisha milango pamoja. Duara halikutani. Kulia kumezidi kushoto, upana wa kidole juu, upana wa kidole chini.

"Shemeji, si nilikwambia?"

Deus anataka tufunike mchongo kwa plaiwudi, milango iende mitupu. Ameshampigia katekista wa Igurwa bila kuniuliza. Tena kasema mbele ya mteja: kazi hii ikiisha, kompyuta irudi kwa Koku na mimi nirudi kwenye kiti.

Sirudi.

Jumanne, 11 Juni

Nimeamka na hasira. Imenisaidia. Kwenye kila karatasi nilichora mstari wa sentimita kumi, wa kupimia. Kuuchora niliuchora, kuupima sikuupima. Mjinga mimi. Leo nimeweka rula. Karatasi za kulia, kumi kamili. Za kushoto, tisa na nusu na kidogo. Mashine ilipunguza mchoro ili utoshee kwenye karatasi. Dada wa steshenari anasema ile ya Alhamisi ndivyo inavyofanya yenyewe, jana alitumia nyingine, na wenye barua zao hawajawahi kulalamika.

Mninga ukishachongwa haukui. Haya basi, na kulia kupungue! Kitovu cha duara hakijahama, kiko kwenye mstari tuliopiga milangoni. Nimepunguza mchoro kiasi kilekile, nimelinganisha upya, nimeprinti huku rula iko mkononi. Dada ananitazama kama mkaguzi.

Jumatano, 12 Juni

Deus kagoma kuchonga. Sawa. Nimempigia katekista mwenyewe. Shikamoo mzee, hakuna plaiwudi, duara linakuja. Kisha nimebandika karatasi, nimeshika patasi kwa kushoto, nyundo nimeibana kwa vidole viwili vilivyobaki. Mchana kutwa, jani moja. Baya. Deus kavumilia weee, mwisho kaninyang'anya patasi.

"Utaharibu mninga, we mtu!"

Akaanza jani la pili. Jasho lilikuwa linanitoka, lakini nilimshinda.

Jumapili, 16 Juni

Igurwa. Padri kabariki milango, ikafunguliwa, watu wakaingia, duara likagawanyika. Hakuna aliyelitazama mara mbili. Sikujali. Baada ya misa nilibaki nje mpaka ilipofungwa. Deus naye alibaki.

Nilipitisha ukucha kwenye maungio, juu mpaka chini. Haukukwama popote. Katekista akasema alidhani duara litakuwa kubwa kidogo. Nikamwambia hata mimi.

Jani langu liko pale, chini kulia, nene na limeparuzika. Nilidhani Deus atalisawazisha. Hakuligusa.

Jumatatu, 17 Juni

Kiti cha plastiki bado kiko nje. Kakikalia mteja, anasubiri mchoro wake. Ndani, mbele ya kompyuta, nimekuta stuli mpya ya mbao. Mguu mmoja unacheza kidogo. Nimeikalia hivyohivyo.