Blauzi Nyeupe Kabla ya Kuoshwa

Hewa Bora, Lubumbashi

Mama mkwe wangu mpenzi,

Pokea heshima zangu, nimepiga magoti huku huku mbali. Miguu yako inaendeleaje? Samaki wanapatikana, au ziwa limewanyima tena? Sisi tuna afya, ila mtoto wangu mdogo ana kikohozi cha vumbi, nami usingizi hauji vizuri. Sababu nitakueleza. Barua hii nimempa dereva wa lori la samaki, maana mambo ya simu siyaamini tena.

Unajua ninafanya kazi kwa Mama Fifi, anayekodisha magauni ya arusi. Tangu Kalunga, mume wangu, afariki, nimekuwa nikivaa nyeusi dukani na hakuna aliyesema neno. Wiki iliyopita Mama Fifi huyo, patroni wetu, alitukusanya sisi wafanyakazi watatu, akatangaza:

"Kuanza lundi, kila muntu anavaa blouse ya mweupe na jupe ya bleu. Nyeusi hapana, hata foulard."

Yaani kuanzia Jumatatu ni blauzi nyeupe na sketi ya buluu, hata kitambaa cha kichwa kisiwe cheusi, eti ni sheria ya wote. Wote gani? Blauzi zilipoletwa, yangu tu ndiyo iliyokuwa imeshonwa. Za wenzangu hata kitambaa hakijakatwa. Tena ilinikaa sawasawa, wakati hakuna fundi aliyenipima. Nadhani ni Solange, mwenzangu wa kaunta tunayekaa naye ua mmoja, aliyempelekea fundi gauni langu apimie. Lilipotea kwenye kamba ya kuanikia, kisha likarudi limekunjwa vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, mama.

Nilimweleza patroni kwamba kwetu mjane hajivui mwenyewe. Wakwe ndio wanaomwosha na kumvua nyeusi, mwaka ukiisha. Akijivua mapema, watasema alikuwa na mwanaume mwingine. Akanijibu haraka mno:

"Nilishaongeaka na mama-mukwe yako. Alikubali."

"Numéro yake ulitosha wapi?" nikamuuliza alikoipata namba yako.

"Ah, wewe mama unapenda matata!"

Sasa, simu yako si iliingia maji? Aliongea na nani basi?

Jumatatu nilivaa blauzi juu ya gauni jeusi. Msichana mmoja aliyekuja kujaribu gauni la arusi aliona pindo langu jeusi, akamshika mama yake mkono, wakatoka. Siwezi kudanganya, aliogopa kweli mkosi wa mjane, na patroni alikosa mteja. Solange, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, akaninong'oneza, "Vaa tu vile banasema, yaya. Hapa iko kazi, haiko kilio." Sura yake ilikuwa ya huruma, na huruma hiyo nayo siiamini. Nimepewa mpaka Jumamosi. Nikija na nyeusi tena, kazi imekwisha, na watoto watakula nini?

Nisalimie shemeji anayekausha samaki, wifi yangu mkubwa, na yule katekista jirani ambaye najua ndiye anayekusomea haya.

Kama hukuongea na patroni, nitumie neno kwa dereva huyu huyu, nami nitakubali kufukuzwa. Kama uliongea naye ukaitikia, sitagombana nawe, wewe ni mama. Lakini basi mtume wifi aje kuniosha, nisivuliwe dukani kati ya magauni ya arusi za watu. Tena uniambie ni nani aliyekudanganya kwamba nimechoka kumlilia mtoto wako. Sijachoka, mama.

Mke wake,
Béa