Kidole Gumba cha Bwana Hoza

Jumatatu, 4 Juni

Banda la gemu limejaa tangu asubuhi. Baridi ya Lushoto inagandisha mikono. Nimeota moto wa jiko la mkaa kabla ya kushika pedi ya kuchezea. Nacheza mpira wa kwenye televisheni kutwa nzima, nimeajiriwa kwa hilo, na bado mjomba anauliza nitapata kazi lini. Kidole gumba cha kulia kimevimba. Nimemwomba mwenye banda, Bwana Hoza, nipumzike. Amecheka. Jumamosi tunapambana na banda la Korogwe, na atakayeshinda anachukuliwa na banda kubwa la Tanga. Nataka kwenda Tanga. Nataka zaidi kutomwona Hoza.

Jumatano, 6 Juni

Kidole hakikunjiki. Nikasema naenda hospitali. Hoza kakataa: watanifunga plasta, nitacheza na nini? Eti si ugonjwa, nimetupiwa kitu na watu wa Korogwe. Kila timu ya mpira ina kamati ya ufundi, na kamati yetu ni yeye. Mpumbavu. Hapa hakuna nyasi wala goli, kuna televisheni na waya, lakini uchawi haukosi.

Alhamisi, 7 Juni

Kanipeleka kwa mganga, juu ya kijiji cha Gare. Mganga mwenyewe alisita alipouona uvimbe. Hoza akamwambia, "Chanja tu, mzee. Kidole hicho ni changu mpaka Jumamosi."

Wembe. Dawa nyeusi ikasuguliwa ndani. Hakuna aliyenishika, mkono niliunyoosha mwenyewe, kwa sababu ya Tanga. Najichukia.

Jumamosi, 9 Juni

Usaha. Homa. Nimefungwa mabao mengi. Pedi iliniponyoka mbele ya watu, wakacheka. Hoza hakunitazama. Alikuwa anamshawishi yule mchezaji wa Korogwe aachane na Tanga, aje kwake. Namchukia mtu huyu. Naandika kwa kushoto, mwandiko wa kuku.

Jumapili, 24 Juni

Nyumbani, Malindi yetu ya huku milimani Lushoto. Daktari kasema nimechelewa, kidole hakitakunjika tena. Gemu basi.

Asubuhi Mama alinifunga vifungo vya shati, tukaenda kwenye kabichi. Hoza akapita njiani. Alisimama, akangoja shikamoo yake.

Sikumwamkia.

Mama, ambaye kwa kosa hilo angenichapa hata nikiwa na mvi, aliendelea kupalilia.