Rimasta, Rimeki na Ukuta wa Chande

Jumapili asubuhi, Kilosa. Rasharasha tangu alfajiri. Mwili umechoka, roho iko juu juu.

Sasa hivi Zuhura ameilisha uji padi ya pili ya gemu. Sisemi ameimwagia kwa bahati mbaya. Ameilisha, kijiko kwa kijiko, huku anaiambia, "Kula mama, umekonda," maneno yangu mwenyewe ninayomwambia yeye kila siku na hayasikii.

Nimeifuta kwa kanga, nimeipuliza, nimeianika karibu na jiko. Vitufe viwili vinanata. Nilitaka kugomba nikashindwa, maana alikuwa ameshaifuta hadi mdomo.

Kwa mnaosoma blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni Mama Zuhura, nina kibanda cha gemu hapa Mabwerebwere, mbele ya chumba tunachoishi. Tivii moja, mashine moja, padi mbili (leo moja na nusu) na benchi moja. Wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Mvua ikinyesha kwangu ni sikukuu.

Baba Zuhura yuko Mikumi, anaziba pancha za malori barabara kuu. Anakuja Jumamosi, Jumatatu alfajiri anaondoka. Siku moja akaniambia, tukihamishie kibanda Mikumi, madereva wakisubiri tairi watacheza. Si kwamba sitaki kuishi na mume wangu. Nani hataki? Lakini Mikumi ana chumba kimoja nyuma ya gereji, harufu ya mpira inaingia mpaka kwenye wali, na barabara ile si ya mtoto anayependa kukimbia kama huyu wangu. Halafu mama yangu yuko hapa, nyumba ya tatu.

Nikamwambia anipe mpaka shindano. Vijana wa boda wa Mikumi walikuwa wanakuja kwangu kupambana na wa Kilosa. Kibanda kikijaa, na watu wakataka kurudi tena, tunabaki, na yeye atafute kazi ya gereji huku huku. Kisipojaa, nafunga virago mwenyewe.

Tukapeana mkono kama wafanyabiashara. Yeye akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa niwaeleze gemu yenyewe. Ni ya mbio za pikipiki. Kwenye kasha ina jina refu la Kizungu, sisi tunaiita Vumbi. Ni ya zamani, picha zake kama zimepigwa kupitia neti ya mbu, lakini watu wanaipenda. Kuna sehemu ukishavuka daraja unakuta ghala lenye ukuta mwekundu. Walioitengeneza walikosea mahali. Ukiukabili ule ukuta moja kwa moja, unapita kama moshi na kutokea mbele ya wenzako wote. Chande, bingwa wetu, amekula ubingwa kwa ukuta huo. Wenzake wanapokata kona, yeye anaingia ukutani akipiga mluzi.

Sidii ya Vumbi ikafa. Zuhura aliifanya sahani ya kupikia ugali wa tope, na sitaki kulirudia hilo.

Nikampigia muuzaji Morogoro. Nikamwambia nataka Vumbi, lakini mpya mpya. Akaniuliza, "Dada, unataka rimasta au rimeki?"

Darasa la saba langu lilifika kwenye desimali. Rimeki hatukuisoma. Nikaona nikiuliza nitaonekana mshamba.

"Nipe ile nzuri."

"Zote nzuri, dada."

"Basi ile nzuri zaidi."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mama yangu anasema enzi za maduka ya kaya watu walipanga foleni kwa sabuni ya aina moja, ukiipata unamshukuru Mungu. Siku hizi gemu moja ina aina tatu, na aibu ya kuuliza ni ile ile.

Sidii ikaja na basi. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni: VUMBI IMERUDI. ILE ILE ILA SAFI ZAIDI. WAGENI MIKUMI, WENYEJI KILOSA.

Ile ile. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Jana wageni wakafika wamepakwa tope mpaka nyusi. Bingwa wao anaitwa Festo, kijana mpole, ana kucheka kwa pua. Baba Zuhura alikuja amebebwa nyuma ya pikipiki yake. Nikajiambia, tazama, mume wangu analetwa na timu pinzani. Kibanda kikajaa, wengine wakachungulia dirishani na makoti yao ya mvua. Mama Siwema, jirani yangu muuza vitumbua, akaacha karai lake na kusimama mlangoni, mikono ina unga.

Nikawasha. Jamani, picha! Vumbi unaliona punje kwa punje. Watu wakapiga makofi kabla hata mbio hazijaanza. Nikamtazama Baba Zuhura pembeni, naye akanitazama. Moyo ukatulia.

Mbio zikaanza. Chande mbele, Festo nyuma yake. Wakavuka daraja. Ghala lile likatokea, jekundu, zuri, matofali yake unaweza kuyahesabu.

Chande hakukata kona. Festo naye hakukata kona. Wote wawili moja kwa moja ukutani kama watu wanaowahi treni.

Puu!

Puu!

Pikipiki mbili chali, madereva wawili wanapepesuka kwenye tivii. Chande akarudi nyuma, akaikaza padi, akauendea tena. Puu! Akajaribu kwa pembeni. Puu! Akajaribu taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Ukuta ukakataa.

"Gemu mbovu hii!" Chande akasimama. "Mama Zuhura, umeniuza! Mume yuko Mikumi, umewapa Mikumi ushindi!"

"Ushindi gani?" Festo akadakia. "Sisi kule tuna ile yenye picha iliyosafishwa, na ukuta wake unapitika. Hapa tumetegwa. Kilosa mmeziba njia!"

"Nani kaziba?"

"Nyie si ndio mmeziba!"

Watu wazima wanagombania nani kaziba ukuta ulioko ndani ya tivii. Ningecheka kama si kibanda changu. Huyu anataka sidii ya zamani, yule anataka nauli yake, wengine wameshaanza kuvaa makoti. Baba Zuhura kakunja mikono. Nikajiona kabisa nyuma ya gereji, nakula wali wenye harufu ya tairi.

Ndipo nikasikia kilio.

"Uuuwi! Uuuwi mie! Msagara wangu kafa ukutani! Kafa bado kijana, hata posa hajapeleka!"

Mama Siwema. Kanga kichwani, anapita katikati ya watu anajipiga kifua, mpaka mbele ya tivii. Akakaa chini, akanyoosha miguu, akaiziba skrini yote.

Mnaotoka mbali niwaambie. Mama Siwema ni Mnyamwezi, babu yake alikuja na kazi ya reli. Chande ni Msagara. Hao ni watani toka enzi za misafara ya miguu. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kulala hata juu ya kaburi, haondoki mpaka apewe chochote, na kumkasirikia ni aibu yako wewe.

Chande akamfuata amevimba. Lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo, Mama Siwema. Toka mbele ya tivii."

"Marahaba, mwanangu. Sitoki. Maiti haijanipa soda."

Kibanda kikapasuka kwa kicheko. Festo alicheka kwa pua mpaka akashika ukuta, ukuta halisi huu wa kwangu. Maiti ikatazama huku, ikatazama kule, ikaona haina ujanja. Ikaenda kununua soda.

Huku Mama Siwema anakunywa, mimi nikampigia yule muuzaji na kuweka sauti ya nje. Nikamwuliza mbele za watu kile nilichoona haya kukiuliza peke yangu: kaka, rimasta ni nini na rimeki ni nini?

Akasema rimasta ni gemu ile ile ya zamani, wameisafisha picha na sauti tu, mambo ya ndani hawakuyagusa. Rimeki wameibomoa mpaka msingi na kuijenga upya. Jina lile lile, hadithi ile ile, lakini kila tofali jipya. "Na wewe dada ulitaka nzuri zaidi, nikakutumia rimeki."

Watu wakanigeukia mimi. Nikaangalia ubao wangu kule nje, ILE ILE, nikaomba rasharasha igeuke mafuriko, iufute haraka.

Mama Siwema akaweka chupa chini.

"Basi si kazi ngumu," akasema. "Rimasta ni babu yako kaogeshwa, kanyolewa ndevu, kavishwa kanzu ya Idd. Anang'aa, lakini ni babu yule yule, hata kikohozi ni kile kile. Rimeki ni mjukuu aliyepewa jina la babu. Unamwita babu, unamtania kama babu, lakini ukimwuliza jembe kaliweka wapi anakutolea macho. Sasa we Msagara umekwenda kwa mjukuu kudai jembe la babu. Usipigwe ukuta kwa nini?"

Hata Chande akacheka. Alijizuia, lakini mabega yalimsaliti.

Mtu mmoja dirishani, yule anayeshindwaga kila siku, akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hapa hakuna bingwa?"

Hakuna bingwa. Hilo lilipita kibandani kama harufu ya pilau. Watu waliokuwa wanachungulia tu miezi yote, kwa sababu nani anataka kudhalilishwa na Chande, wakaanza kusukumana kuingia. Makoti yakavuliwa. Tukakubaliana tuanze upya, kila mtu mwanafunzi, Mikumi na Kilosa. Mama Siwema naye akashika padi, akaendesha kinyume cha barabara mwanzo mpaka mwisho, na alipofika kwenye ukuta akausalimia.

Nisiwafiche, Mikumi wametushinda. Festo alijifunza kona ya ghala haraka kuliko wote. Jogoo wa zawadi amefungwa kwenye kapu, kapanda pikipiki, kaenda zake. Lakini kumbe kushinda kungenifungia kibanda. Mtu aliyeshinda anakwenda kulala. Aliyeshindwa ndiye anayerudi. Chande anataka marudiano Jumamosi ijayo, na kabla ya hapo anataka aje kila siku kujifunza kona. Bingwa mzima, anajifunza kukata kona!

Nimelifikiria sana jambo hili tangu jana. Sisi Zuhura tulimpa jina la mama mkwe wangu, mama mtulivu, anayeongea kama anapima unga. Ndugu za mume wangu wakija kutoka Mvumi wanamwita huyu mtoto "mama", wanamkalisha mapajani, wanasubiri utulivu. Wanapigwa kijiko. Nilikuwa naona haya, nawaomba radhi, namwambia mwanangu kaa kama bibi yako. Jana usingizi ulipokuwa unanichukua nikamwangalia alivyolala, mtoto wa watu, mguu juu ya shingo ya baba yake. Nikasema, basi. Huyu si bibi aliyeogeshwa. Ana jina la bibi na kuta zake mwenyewe. Kazi yangu ni kujifunza kona.

Baba Zuhura ni jambo lingine. Yeye nikiulizwa ninamtaka yupi, namtaka rimasta. Huyo huyo, asiguswe ndani. Wasafishe sauti tu, usiku.

Lakini sasa ndio hivyo, hajasema neno. Jana baada ya watu kuondoka alifagia kibanda, kitu ambacho hajawahi kufanya, na akala wali bila kusema tutabaki au tutahama. Nami sikuuliza. Nilimwogopa muuzaji wa Morogoro nikanunua nisichokijua, na bado sijajifunza, namwogopa mume wangu mwenyewe kwa swali moja.

Asubuhi ameamka mapema, kaazima nyundo kwa Mama Siwema, kaingia kibandani. Nasikia anagonga. Sijui anabandua mbao za kupakia kwenye gari la Mikumi au anafanya nini. Nimekaa hapa jikoni naandika kwa kidole kimoja, mkono mwingine umeshika padi isije ikaungua, na kila nyundo inapogonga naandika haraka zaidi kana kwamba nikimaliza habari hii yeye ataacha. Nikihesabu pumzi tatu nitasimama, nitakwenda, nitamwuliza kama nilivyouliza jana mbele za watu, kwa sauti ya nje.

Moja.

Mbili. Ananiita. "Mama Zuhura! Njoo unishikie huku, hili benchi la pili nalipigilia upande wa dirisha, watu wasisimame tena Jumamosi!" Benchi la pili. Jamani, amesema benchi la pili, tena analipigilia, na mtu hapigilii misumari kwenye kibanda anachotaka kukihamisha. Naacha hapa, nakwenda kumshikia!