Keki Nyeupe ya Rosa

Jumamosi, Julai 1934

Nyeupe niliipaka, na nikiambiwa nirudie nitarudia.

Jana jioni nilikuwa nimemaliza kujaza keki ya harusi ya Rosa, mtoto wa dada yangu. Mapera kutoka kijiji cha Sosiot niliyachemsha na sukari na ndimu mpaka yakawa mazito, maana yakiwa maji maji keki hulowa. Nilikuwa napiga ute wa mayai na sukari wakati mzee wa kanisa alipoingia jikoni.

"Mpishi, hiyo usiipake nyeupe. Msichana ana mimba. Nyeupe ni ya walio safi."

"Mzee, hii ni sukari na mayai tu. Rosa ameshatubu mbele yenu wote. Mnataka keki nayo itubu?"

Akaondoka bila kuaga. Nami nikaipaka keki yote.

Leo Rosa alipoiona alilia, kisha akacheka. Mzee alikataa kipande chake. Mke wake alikula viwili, akaniuliza mapera niliyachemsha kwa muda gani.

Kesho kanisani huenda wazee wakaninyima meza ya Bwana. Naogopa, sikatai. Lakini nitakaa benchi ya mbele, kando ya Rosa.